Glenda Duxbury Atafuta Asilimia Sitini

Glenda Duxbury alikuwa mgonjwa mbovu, yaani kuugua kwenyewe hakukujua. Kuugua kuna ufundi wake. Kuna kuguna unapoinuka, kuna kushika kiuno, kuna kumtazama mgeni kwa jicho la unyonge mpaka aulize. Yote hayo yalimpita kando. Alizaliwa Colne, kaskazini mwa Uingereza, akalelewa na watu ambao ukiwakuta wamekanyagwa na lori watakuambia si vibaya, asante, na wewe je. Sisi nasi tunajibu "nzuri" hata msibani, lakini "nzuri" yetu ina "ila" nyuma yake, na ikifika hiyo "ila" msikilizaji bora avute kiti. Glenda hakuwa na "ila". Kasoro hiyo ndogo ndiyo nusura imnyime haki yake.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kuvusha watoto wa shule barabarani. Alivaa koti refu la njano, akashika kibao cha duara chenye mpini mrefu, na madereva wa malori, watu wasioogopa polisi, walisimama mbele yake kwa adabu. Alipotimiza miaka sitini na moja akaletewa barua ya kuitwa kwenye chanjo. Alikwenda siku hiyo hiyo, kwa sababu barua ilikuwa imeandikwa kwa heshima na Glenda hapendi kuwachelewesha watu.

Siku kumi na mbili baadaye nyayo zake zikafa ganzi. Wiki ya tatu miguu ikagoma kabisa. Alilazwa miezi miwili, na madaktari wakamweleza kwamba kinga ya mwili wake imezigeukia neva zake mwenyewe, kwamba yawezekana chanjo ndiyo iliyoiamsha, na kwamba jambo hili ni nadra mno, humpata mmoja katika watu wengi sana. Basi mmoja huyo alikuwa yeye. Alimpa daktari pole kwa usumbufu.

Alirudi nyumbani na fremu ya kutembelea, mguu wa kushoto wa kuburura, na vidole visivyojua moto wala baridi. Nyumba yao ni ya mawe, nyembamba, na bafu liko juu, ngazi kumi na nne. Kila Jumamosi mumewe Roy, seremala mstaafu, alimbeba mgongoni akampandisha. Mgongo wenyewe ulikuwa umeshakwisha kwa kubeba milango ya watu miaka arobaini. Mwezi wa kwanza daktari alimtazama Roy kwenye picha ya eksirei akamwambia akiendelea hivi miaka michache tu, nyumba ile itakuwa na watu wawili wa kubebwa na hakuna wa kubeba. Halmashauri ya mji iliombwa isaidie kujenga bafu la chini. Ikajibu kuwa ni wazo zuri, ikawaweka kwenye foleni, na foleni ikalala.

Kwa hiyo shida ya Glenda haikuwa utajiri. Alitaka bafu kwenye chumba cha stoo nyuma ya jikoni kabla mgongo wa Roy haujakatika. Roy alishapima, alishachora, alishajua sinki litakaa wapi. Kilichokosekana ni fedha, na fedha zilikuwa serikalini.

Serikali ya huko ni karimu, imeweka fidia kwa wanaodhurika na chanjo. Sheria yake imenyooka. Kwanza ithibitike kwamba chanjo ndiyo iliyokudhuru. Pili, uwe umelemaa asilimia sitini. Ukifika sitini unapewa fungu zima. Ukiwa hamsini na tisa hupewi hata nauli ya kurudi, maana mtu wa hamsini na tisa ni mzima, ana uvivu tu. Mguu uliokatwa una namba yake kwenye jedwali, jicho lina yake. Neva hazikatiki kwa unadhifu namna hiyo, hivyo hutumwa mtathmini aje akutazame akadirie kwa hekima yake.

Kabla ya mtathmini walikuja wengine, bure bila kuitwa. Wa kwanza alikuwa Terry Ogden wa nyumba ya tatu, ambaye hakuwa amemsalimia Glenda tangu wagombane kuhusu mapipa ya taka. Alikuja na bunda la vipeperushi na sura ya matanga.

"Nimesikia yaliyokupata, Glenda. Wamekuua wale."

"Bado, Terry. Karibu chai."

"Jumamosi tuna mkutano Burnley. Tunakutaka jukwaani. Huna haja ya kusema neno. Kaa tu watu wakuone."

"Nikae tu?"

"Kwenye kiti cha magurudumu."

"Sina kiti cha magurudumu. Nina fremu."

"Fremu haionekani kwa mbali. Tutakuazima kiti."

Glenda aliuliza mkutano wenyewe ni wa nini. Terry akamfungulia bomba la habari: chanjo zote ni sumu, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na wakubwa wanajua.

"Mimi wajukuu zangu watatu nimewapeleka kuchanjwa mwenyewe," alisema Glenda. "Na wa nne akizaliwa nitampeleka, nikipata wa kuniendesha. Dada yake mama alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Mimi nimepata bahati mbaya, basi. Sukari jiwekee, vidole vyangu leo havisikii."

Terry aliondoka chai ikiwa nusu kikombe. Mapipa ya taka yakarudi kuwa ugomvi.

Upande wa pili alikuwa Sylvia wa kanisani, ambaye aliamini kwamba kusema chanjo imemdhuru mtu mmoja ni kuwatukana madaktari wote. Alimshika Glenda mkono kwa upole.

"Una hakika si umri tu, mpenzi? Hata mimi magoti yangu asubuhi yananisumbua."

"Huenda ni umri, mpenzi," alijibu Glenda, kwa kuwa hakutaka kumvunja moyo.

Basi nyumba ya tatu Glenda alikuwa kalishwa sumu na wakubwa, na kanisani alikuwa amezeeka. Kwake alikuwa mtu anayetaka kuoga.

Habari ya kuja kwa mtathmini ilipofika, Glenda aliitangaza nyumbani kama ugeni wa askofu. Roy alisafishishwa madirisha yasiyosafishwa tangu Krismasi. Pazia zilifuliwa. Glenda mwenyewe, ameketi kwenye kiti cha jikoni, alipika keki ya tangawizi, kazi ya dakika ishirini iliyomla asubuhi nzima. Alipokuwa akiitoa keki ile kwenye oveni, mkono wake, juu ya kiganja, uligusa chuma na kuungua, naye hakujua mpaka Roy aliposikia harufu. Alama ilikuwa nyekundu, ndefu kama kidole. Unafikiri mwanamke anayekwenda kupimwa kama mikono yake imekufa ganzi alifanya nini na alama ile? Alivaa blauzi ya mikono mirefu. Na fremu ya kutembelea aliamuru ifichwe stoo, kwa sababu iliharibu sebule.

"Glenda," alisema Roy, "huyo mtu anakuja kuiona hiyo fremu."

"Anakuja kuniona mimi. Fremu si ya kumwonyesha mgeni. Itoe hapo."

Mtathmini aliitwa Daktari Fairclough, bwana mpole wa suti ya kijivu, na Glenda alimpokea amepaka rangi ya mdomo, amesimama wima, amejishikilia kwenye mgongo wa kochi ambako mkono haukuonekana.

"Unaendeleaje, Bi Duxbury?"

"Si vibaya, asante. Na wewe? Barabara ya Preston haikukusumbua?"

Barabara haikumsumbua. Mazungumzo yakanoga. Glenda akaleta chai mwenyewe kwa trei, hatua sita kutoka jikoni, meno ameyauma na tabasamu ameliacha wazi. Roy alikaa kwenye kona yake akimtazama mke wake anavyojimaliza, na mara mbili alifungua kinywa. Mara zote mbili Glenda alimtazama jicho moja tu, kinywa kikafungwa.

"Kuoga, je? Unajiosha mwenyewe?"

"Najiosha."

"Na ngazi?"

"Tunapanda."

"Vizuri. Keki tamu hii, Bi Duxbury. Umeipika wewe?"

Hapo Glenda aliona fahari, Mungu amsamehe, akasema ndiyo, akamfungia vipande viwili kwenye karatasi ampelekee mkewe. Daktari alipoondoka, alianguka kitandani akakaa humo tangu Jumatatu hadi Alhamisi.

Baada ya wiki tano ripoti ikafika. Swali gumu, lile la chanjo, ambalo watu wote walimwambia hatalishinda, alikuwa amelishinda. Waliandika kwamba kwa uwezekano mkubwa chanjo ndiyo iliyosababisha. Kisha wakaja kwenye swali jepesi. Mwombaji ni mchangamfu na nadhifu. Anapika. Anahudumia wageni. Anapanda ngazi. Hakuna kifaa cha kutembelea kilichoonekana ndani ya nyumba. Ulemavu ni asilimia thelathini na tano.

Glenda aliisoma mara mbili, akasema wamemwelezea vizuri.

"Ile keki imetunyang'anya kumi," alisema Roy. "Na trei kumi na tano."

"Ungetaka nimkaribishe na maji ya bomba?"

"Ningetaka bafu."

Lilikuwa neno kali kuliko yote aliyowahi kumwambia katika miaka thelathini na minane ya ndoa, na alijuta papo hapo akatoka kwenda kuangalia viazi vyake shambani.

Rufaa ilisimamiwa na Shazia Mirza, wakili kijana kutoka mji wa jirani wa Nelson, aliyetoa ushauri bila malipo kila Jumanne kwenye maktaba. Alisoma ripoti, akaiweka chini, akamtazama Glenda kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mzuri aliyechana mtihani wake.

"Anti Glenda, nani alikutuma upike keki?"

"Mgeni yule, mwanangu."

"Si mgeni. Alikuja kukuhesabu."

"Alikuwa ametoka Preston."

"Hata angetoka Makka. Sikiliza. Mama yangu mimi akipata mafua, Nelson nzima inajua kabla ya adhuhuri. Mletee yule daktari, angemtoa na asilimia mia na ishirini, na kichwa kimemuuma daktari mwenyewe. Wewe neva zimeungua, unatoa thelathini na tano?"

"Sipendi kulalamika."

"Sikuambii utie chumvi. Nakuambia uache kuitoa. Haya, tufanye mazoezi. Mimi ndiye mtathmini. Unaendeleaje?"

"Si vib..."

"Anti."

"Kuna siku afadhali kidogo."

"Sitaki siku afadhali. Nipe siku mbaya. Jana ilikuwaje?"

Glenda aliitazama dari ya maktaba. Masikini alijaribu kwa moyo wote, mpaka shingo ikawa nyekundu.

"Jana ilikuwa na mvua," alisema mwishowe.

Shazia aliwapa Glenda na Roy, kila mmoja, kazi ya kuandika siku thelathini, kila siku jambo lililoshindikana. Glenda aliandika kwa mwandiko mzuri wa shule. Jumatatu: si vibaya. Jumanne: nimechoka kidogo, lakini nani hachoki. Jumatano: Sylvia alikuja, tumeongea. Ukiusoma waraka ule ungedhani ni wa mtu aliye likizo. Roy, ambaye hakuwa mtu wa kalamu, alichukua daftari alilozoea kuandikia vipimo vya milango, akawa analiingiza mfukoni kila Glenda alipotokea.

Baraza la rufaa lilikaa Blackburn, kwenye chumba cha kukodi chenye zulia la kahawia. Walikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye alikuwa mwanamke wa miwani mwenye sauti ya taratibu; daktari mmoja; na bwana mmoja mlemavu aliyewekwa ili kuwe na anayejua wanachozungumzia. Kando aliketi mwandishi wao. Glenda alikwenda nywele zimetengenezwa. Shazia alipoziona zile nywele alivuta pumzi.

Alihojiwa dakika kumi na tano. Aliulizwa kuhusu kuoga, akasema anajitahidi. Kuhusu usingizi, akasema unakuja. Kuhusu maumivu, akasema kuna watu wana makubwa zaidi, akamtolea mfano mtu wa mtaa wa pili. Mwenyekiti alimsubiri kwa uvumilivu, kisha akamfungulia mlango wa mwisho.

"Kwa hiyo kwa ujumla, Bi Duxbury, unasema unajimudu?"

"Najimudu, asante."

Shazia alifumba macho. Kisha akaomba mume wa mwombaji asikilizwe, na Roy akasimama, kwa taabu, akatoa daftari lake la milango.

"Sijui kusema," alisema. "Nitasoma."

"Soma, Bwana Duxbury."

"Jumatatu. Kamwagikiwa na maji ya moto mguuni. Hakujua. Nimeona mimi malengelenge. Jumatano. Hakuwahi chooni. Nimefua. Kaniomba msamaha mara nne. Alhamisi. Kajiunguza mkono tena, kauficha kwenye mkono wa sweta. Jumamosi. Ngazi. Tumeanguka ya tisa. Kaniuliza mimi kama nimeumia."

"Roy," alisema Glenda kwa sauti ya chini. "Inatosha."

Roy aligeuza ukurasa. Alisoma kama mtu anayesoma vipimo dukani, bila kupanda wala kushuka.

"Jumamosi ya pili. Nimemfikisha bafuni. Kafunga mlango. Kafungulia bomba mpaka mwisho. Kalia dakika ishirini. Anadhani bomba linafunika kilio."

Hakuna aliyeandika. Yule bwana mlemavu alikuwa anatazama magoti yake. Glenda alikaa ameshika mkoba kwa mikono miwili, uso umemwiva, na kama zulia lile lingepasuka angelishukuru akaingia. Miaka yote ile alikuwa amemeza machungu, amejipaka rangi ya mdomo juu yake, na sasa mumewe alikuwa ameyamwaga mbele ya watu watatu wa kuajiriwa na mwandishi wao.

"Ziko Jumamosi nyingine," alisema Roy. "Zote ziko hivyo hivyo."

Daktari wa baraza ndiye aliyesema kwanza. Alimwomba Glenda, kama hatajali, apandishe mikono ya blauzi. Glenda hakujali, kwa kuwa ameombwa vizuri. Alama za moto zilihesabiwa saba, za rangi mbalimbali, na mbili hata Roy hakuwa amezijua.

Waliambiwa wasubiri nje. Walikaa kwenye viti vya plastiki dakika arobaini, Glenda ametazama ukutani, Roy ametazama viatu. Shazia alijaribu kuleta chai ya mashine, hakuna aliyeinywa. Walipoitwa, mwenyekiti alisoma namba bila kupamba. Asilimia sitini na mbili.

Kwa hiyo katika muda wa saa moja ulemavu wa Glenda ulipanda asilimia ishirini na saba, bila ugonjwa mpya, bila kuanguka, kwa sababu seremala alisoma daftari. Ndivyo elimu ya utathmini inavyofanya kazi, na sisi wajinga tusiingilie. Shazia alimkumbatia Glenda. Glenda alimshukuru mwenyekiti, akamshukuru daktari, mwandishi, mlinzi wa mlangoni, na mama mmoja ambaye alikuwa anasubiri kesi yake mwenyewe.

Ila Roy, Glenda hakumshukuru.

Walirudi kwa gari, wakaipita Burnley. Roy aliendesha mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani, akingoja.

"Miaka miwili," alisema Glenda. "Miaka miwili ulikuwa unasimama nje ya mlango ule."

"Nilikuwa nakaa. Ngazi ya juu. Mgongo hausimamiki."

"Na hukugonga."

"Ulifungulia bomba. Nikajua hutaki nisikie."

"Sikutaka."

"Basi nikakaa."

Glenda alitafuta kitambaa kwenye mkoba, vidole vikakipapasa kama vinavyopapasa kila kitu, akashindwa kukitoa, na Roy hakumsaidia kwa sababu alikuwa anaendesha na pia kwa sababu alimjua.

"Hilo bafu jipya," alisema Glenda, "uliwekee mlango mnene."

"Nitaona," alisema Roy.

Bafu lilikwisha mwezi wa tano. Mafundi walifanya mabomba na vigae, lakini mlango Roy hakumwachia mtu. Alikuwa amefanya milango miaka arobaini na alijua mbao zote zinazoua sauti, majina yake na unene wake. Alitengeneza wa mbao nyembamba kuliko zote zilizokuwepo dukani. Glenda aliugonga kwa kifundo cha kidole, akasikia ulivyo, akamtazama mumewe kwa muda mrefu. Jumamosi ya kwanza aliingia mwenyewe na fremu yake, akarudisha mlango, na Roy akavuta kiti cha jikoni akakaa upande wa pili. Kilio kilipomjia, bomba aliliacha limefungwa.